Habari za Matibabu Katika Mji wa Bujumbura na Haki ya Raia Kuyachunguza

Watu wengi wakizitaja hospitali za Bujumbura hutaja majengo yake na majina ya wakubwa yaliyoandikwa milangoni. Iko Hospitali ya Prince Régent Charles, jirani na mtaa wa Buyenzi, yenye jina la mwana wa mfalme aliyeshika utawala wa Ubelgiji kwa niaba tangu mwaka 1944 hata 1950. Iko Hospitali ya Roi Khaled huko Kamenge, yenye jina la mfalme wa Saudia aliyetawala tangu 1975 hata 1982. Lakini majengo na majina ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni habari ya watu waliopita katika milango ile: ni nani aliyeingia, kwa masharti gani, na kila serikali ilipoyabadili masharti hayo, je, raia alipata nafasi ya kutazama, kuuliza na kujibiwa?

Nusu hii ya pili ndiyo itakayoelezwa hapa, ili vijana waliozaliwa siku za karibuni wajue kwamba jambo la raia kuitazama kazi ya hospitali si jambo geni, wala si utovu wa adabu, wala halikuletwa na wageni peke yao.

ZAMA ZA WAJERUMANI: UGONJWA WA MALALE

Boma la Usumbura lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kando ya boma hilo wakakusanyika wafanya biashara, askari, wapagazi na mafundi waliotoka Ujiji, Manyema na nchi za pwani. Hao ndio waliokuja na lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu katika mji huo, na mpaka leo lugha hiyo ndiyo inayosikika katika barabara za Buyenzi.

Katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20 ulizuka msiba mkubwa katika nchi za maziwa, nao ni ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, wanakadiriwa kufa watu zaidi ya laki mbili. Serikali ya Ujerumani ikaingiwa na hofu kwamba ugonjwa utazienea nchi zake. Mwaka 1906 ikamtuma Robert Koch, tabibu aliyekuwa mashuhuri katika ulimwengu wote, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Koch akapiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa sindano za dawa iliyoitwa atoksili, ambayo ndani yake mna sumu ya arseniki.

Dawa ile iliwapa wengi nafuu kwa muda, lakini ugonjwa ukawarudia wengi katika hao. Kisha Koch alipozidisha kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, na upofu wao haukuondoka. Jambo hili linajulikana katika tarehe ya utabibu, na haliwezi kufichwa.

Elimu hiyo, pamoja na faida yake na hatari yake, ndiyo iliyopelekwa baadaye katika pwani ya Ziwa Tanganyika, nchi ya Imbo. Kabla ya vita vya 1914 Wajerumani waliweka huko kambi za malale na kufanya kazi za namna tatu. Kwanza, watu walikaguliwa shingo, kwa sababu mgonjwa wa malale huvimba tezi. Na wenyeji walifundishwa kuzipapasa tezi hizo na kuwapeleka wenye dalili kwa daktari, apate kuitazama damu yao kwa darubini. Pili, waliopatikana na ugonjwa walichomwa sindano. Tatu, majani na vichaka vya pwani vilifyekwa, ili mbung'o wakose kivuli cha kukaa, na kazi ya kufyeka iliwaangukia wenyeji kwa amri.

Raia hakuulizwa neno katika mambo hayo yote. Hapakuwa na baraza la wagonjwa, wala mtu wa kupokea malalamiko. Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba watu walikuwa vipofu wa mambo. Waliitazama kazi ile siku baada ya siku. Walipoona mtu aliyelala kitandani ameinuka na kurudi shambani, walikuja. Waliposikia kwamba sindano inaumiza na inaweza kumpotezea mtu macho, na tena kwamba ugonjwa humrudia, walijificha, au walitoroka kambini, au walivuka kwenda upande mwingine. Mabwana wa kambi walilalamika juu ya utoro na kuuita ukaidi. Lakini aliyekimbia dawa yenye kupofusha hakuwa mjinga. Alikuwa amechunguza kwa macho yake mwenyewe na kutoa hukumu kwa miguu yake, maana hakuachiwa njia nyingine ya kuitoa.

Hilo ndilo funzo la kwanza la tarehe hii. Uchunguzi wa raia hauanzi siku serikali inapoukubali. Huwapo daima. Lakini ukikosa mlango wa haki hutoka kwa dirisha, na hapo hasara huwapata wote wawili: daktari hukosa mgonjwa, na mgonjwa hukosa dawa hata siku ile dawa inapokuwa nzuri.

ZAMA ZA WABELGIJI

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Usumbura. Baada ya vita Ruanda-Urundi ikawekwa chini ya Ubelgiji kwa idhini ya Shirika la Mataifa, na tangu Desemba 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa.

Katika zama hizo kazi ya utabibu ilipanuka. Malale ikaendelea kupigwa vita, na katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati sindano za ugonjwa wa buba zikaanza kutolewa. Ni jambo la kutia mazingatio kwamba watu wale wale waliosemwa kuwa wanaikimbia sindano ya malale waliifuata sindano ya buba kwa makundi, wakatembea mwendo wa siku nzima kuitafuta. Sababu yake ni wazi. Vidonda vya buba vilikauka machoni pa watu katika siku chache, wala haukuonekana upofu. Kwa hiyo waliochukia sindano na waliopenda sindano walikuwa ni watu hao hao, nao walihukumu kila dawa kwa matunda yake.

Lakini mji wenyewe uligawanywa. Kama ilivyokuwa desturi katika ukoloni wa Kibelgiji, Wazungu walikaa mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika katika mitaa yao, ambayo kwa Usumbura ilikuwa hasa Buyenzi na Bwiza. Moja katika hoja zilizotumiwa kutetea mgawanyiko wa namna hiyo katika miji mingi ya ukoloni ilikuwa ni afya: ilisemwa kwamba Mzungu akikaa mbali na Mwafrika ataepukana na mbu mwenye homa. Hivyo afya, ambayo ni rehema kwa wote, ikafanywa ukuta wa kutenga watu. Hata mahali pa kutibiwa palitofautishwa, Mzungu pake na Mwafrika pake.

Palikuwa, hata hivyo, na mlango mdogo uliofunguka katika miaka hiyo. Katiba ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 87, iliwapa wenyeji wa nchi za udhamini haki ya kuandika malalamiko yao na kuyapeleka mbele ya Baraza la Udhamini, na iliagiza wajumbe watumwe kuzitembelea nchi hizo. Wajumbe hao walifika Ruanda-Urundi mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Usumbura asiyekuwa na cheo aliweza kuandika karatasi juu ya mambo ya mji wake, naye akijua kwamba karatasi hiyo itasomwa na mtu asiyekuwa mtumishi wa serikali inayolalamikiwa. Huu ndio ulikuwa mwanzo wa uchunguzi wa raia kuwa na anuani.

Katika hali hiyo ya watu kuamka ndipo Prince Louis Rwagasore alipoanza kazi yake ya ushirika wa wafanya biashara mwaka 1957, kisha siasa ya chama cha UPRONA, naye alipata wafuasi wengi na wenye bidii katika Waswahili wa mitaa ya Usumbura. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Yeye mwenyewe aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, kabla ya kuuona uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

UHURU NA MABADILIKO YA MALIPO

Baada ya uhuru Usumbura uliitwa Bujumbura, na hospitali zikawa mali ya taifa. Katika miaka ya 1980 serikali iliweka taratibu mbili za bima: mfuko wa watumishi wa serikali, uliowekwa mwaka 1980, na kadi ya matibabu kwa wananchi wengine, iliyoanza mwaka 1984, ambayo mwenye nyumba aliinunua kwa fedha kidogo naye akatibiwa kwa nafuu.

Nje ya Burundi nako ulimwengu ulikuwa ukibadili fikira zake. Mwaka 1978 mataifa yalikutana katika mji wa Alma-Ata, yakakubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza mambo ya afya yao. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, wakakubaliana kwamba zahanati ziuze dawa kwa bei ya kadiri, na kwamba fedha zitakazopatikana zisimamiwe na kamati za wananchi wenyewe. Msomaji na ayatazame mapatano ya Bamako kwa makini. Yalikuwa na mikono miwili: mkono wa kulipa na mkono wa kusimamia. Nchi nyingi ziliushika mkono wa kwanza kwa nguvu na kuulegeza wa pili. Raia akatakiwa kutoa fedha, lakini asiulize zimekwenda wapi.

Kisha zikaja siku nzito. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Tangu 1996 hata Januari 1999 nchi jirani ziliifungia Burundi njia za biashara. Dawa zikawa adimu, zahanati nyingi zikaharibika, na madaktari wengi wakaihama nchi. Mapatano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini mapigano hayakukoma siku hiyo.

Katika hali hiyo ya umaskini na vita, mwaka 2002 serikali iliamua kwamba mgonjwa alipe gharama za matibabu yake. Hazina ilikuwa tupu, na hospitali haziwezi kwenda kwa maneno matupu. Sababu hiyo haina budi kutajwa, kwa kuwa uadilifu wataka kila upande usikilizwe. Lakini waliotakiwa kulipa walikuwa watu waliopoteza mifugo, mashamba na nyumba. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya uchunguzi na kutangaza matokeo yake mwaka 2004. Walionyesha kwamba wagonjwa wengi iliwalazimu kukopa au kuuza mavuno, mifugo au ardhi ili wapate kutibiwa, na kwamba wengine walibaki nyumbani na ugonjwa wao kwa kukosa fedha.

WAGONJWA WALIOZUILIWA

Kutokana na amri ile ya 2002 lilizuka jambo ambalo wazee wa mji huu hawakuwa wamelizoea. Mgonjwa alipomaliza kutibiwa na kushindwa kulipa, hospitali ilimzuia asitoke. Walinzi walisimama mlangoni. Aliyekuwa na karatasi ya malipo alipita, na asiyekuwa nayo alirudishwa ndani.

Wengi wa waliozuiliwa walikuwa wanawake waliojifungua kwa kupasuliwa, kwa sababu gharama ya upasuaji ilikuwa kubwa kuliko zote. Mama alizuiliwa pamoja na mtoto wake mchanga, ambaye hakukopa kitu wala hajajua kusema. Walikuwamo pia waliopata ajali, na wenye majeraha ya vita. Baadhi yao waliondolewa vitandani ili wenye kulipa wapate nafasi, wakalala chini. Chakula walikitegemea kwa jamaa zao au kwa huruma ya wagonjwa wenzao. Wengine walikaa hivyo majuma, na wengine miezi. Sheria iliruhusu maskini kupewa hati ya umaskini na wakubwa wa mtaa wake, lakini mara nyingi hati hiyo haikupatikana, au ikipatikana haikukubaliwa, kwa sababu hospitali haikuwa na yakini kwamba serikali italipa deni hilo.

Walioyaweka mambo haya wazi walikuwa raia wa Burundi. Mwaka 2001 Pierre Claver Mbonimpa, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepata kufungwa, alianzisha chama kilichoitwa APRODH, kwa ajili ya kutetea haki za watu na hasa wafungwa. Kazi ya chama hicho ilikuwa kuingia magerezani na kuuliza: huyu amefungwa kwa sheria ipi, tangu lini, na amefikishwa mbele ya hakimu gani? Waliozoea kuuliza maswali hayo katika magereza waliona kwamba maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa hospitalini, maana mlango unaolindwa ili mtu asitoke ni mlango wa kifungo, hata ikiwa ndani yake mna vitanda.

Mwaka 2006 APRODH na shirika la Human Rights Watch walifanya uchunguzi pamoja. Waliwahoji wagonjwa waliozuiliwa, wauguzi, wakuu wa hospitali na watu wa serikali, na mwezi Septemba wakaitangaza taarifa yao. Ilionekana kwamba desturi hiyo haikuwa ya hospitali moja, bali ilikuwa katika hospitali nyingi za nchi, zikiwamo zile mbili kubwa za Bujumbura zilizotajwa mwanzo, na kwamba katika mwaka 2005 waliozuiliwa walifikia mamia. Wachunguzi walikumbusha kwamba Burundi imeukubali tangu mwaka 1990 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya deni.

Neno hilo si geni kwa Mwislamu. Sheria ya Kiislamu yaamuru kwamba mdeni mwenye dhiki apewe muhula mpaka atakapopata wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Tena katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, fungu moja ni la wenye madeni. Watu wa dini mbalimbali na wenye huruma walijitokeza kuwalipia baadhi ya waliozuiliwa, na malipo yao yako kwa Mola wao. Lakini sadaka humfungua mtu mmoja leo, na kesho mwingine hukalia nafasi yake sakafuni. Ili mlango wenyewe ufunguke, ilihitajika mtu aende aone, ahesabu, aandike, kisha aseme mbele ya watu.

TANGAZO LA MWAKA 2006

Tarehe 1 Mei 2006, siku ya wafanya kazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba tangu siku hiyo wanawake watazaa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali, na watoto walio chini ya miaka mitano watatibiwa bila malipo. Hili lilikuwa jambo kubwa. Akina mama waliokuwa wakizalia nyumbani kwa hofu ya deni walikuja kwa wingi, na watoto wakaletwa wakiwa bado wana nguvu.

Lakini tangazo lilitangulia matayarisho. Dawa zilikwisha upesi, wauguzi walikuwa wachache kwa kazi iliyozidi, na hospitali zilikaa zikingoja fedha ambazo serikali iliahidi kuzirudisha. Tena rehema hiyo ilikuwa na mipaka. Mtoto aliyefikisha miaka 6 hakuwamo. Baba aliyevunjika mguu hakuwamo. Mwanamke aliyepasuliwa kwa maradhi yasiyokuwa ya uzazi hakuwamo. Ndiyo maana taarifa ya Septemba 2006, iliyotoka miezi minne baada ya tangazo, haikupitwa na wakati: bado walikuwapo watu nyuma ya mlango. Aliyesikia tangazo peke yake angedhani mambo yamekwisha. Aliyekwenda kutazama ndiye aliyejua ni nani amebaki.

RAIA WAWEKWA KUWA MASHAHIDI

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2006 ulianza utaratibu mwingine, kwanza katika mikoa michache, ikiwamo Bubanza, Cankuzo na Gitega, kisha tangu Aprili 2010 katika nchi nzima, nao ukaunganishwa na matibabu ya bure ya akina mama na watoto. Katika utaratibu huu zahanati hulipwa kwa kadiri ya kazi iliyofanya: kila mwanamke aliyezalishwa, kila mtoto aliyechanjwa, kila mgonjwa aliyetibiwa, ana hesabu yake ya fedha.

Faida yake ni kwamba mwenye kufanya kazi hupata, na mwenye kulala hukosa. Hatari yake nayo iko wazi kwa kila mfanya biashara. Anayelipwa kwa hesabu, na hesabu anaiandika mwenyewe, hujaribiwa kuongeza majina. Basi ni nani atakayejua kama mwanamke aliyeandikwa daftarini yupo duniani au hayupo?

Hapo ndipo vyama vya wananchi vilipopewa kazi. Majina huchaguliwa katika daftari la zahanati, na wajumbe wa chama cha mahali pale hutumwa kuwatafuta watu hao majumbani. Huuliza: mtu huyu yupo? Alikwenda zahanati siku iliyoandikwa? Alitendewa kazi iliyoandikwa? Alitozwa kiasi gani? Aliridhika na namna alivyopokewa? Majibu hupelekwa kwa wasimamizi wa mkoa, na huwa na uzito katika malipo ya zahanati.

Yafaa kutulia hapa na kutazama safari iliyokwendwa. Zamani za kambi za malale, mwenyeji aliajiriwa aende nyumba kwa nyumba kupapasa shingo za jirani zake kwa niaba ya daktari. Miaka mia moja baadaye, mwenyeji anakwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza jirani zake habari za daktari. Njia ni zile zile na milango ni ile ile, lakini anayekaguliwa amebadilika.

Hata hivyo kazi hiyo ina adabu zake, na akizivunja mjumbe atakuwa ameharibu kuliko alivyotengeneza. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Mjumbe akiingia nyumba akauliza kwa sauti mbele ya wakwe na majirani, amemvunjia mtu heshima, na mara nyingine atakuwa amemfukuza mgonjwa asirudi tena zahanati. Kadhalika mjumbe aliye ndugu wa mwuguzi hana budi kujiuzulu katika shauri hilo, na mjumbe aliyepewa bahasha si shahidi tena. Maskini naye, akiulizwa kama ameridhika, huenda akajibu ndiyo kwa hofu kwamba kesho atamhitaji mwuguzi yule yule. Kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kuandika.

USIMAMIZI HUU KATIKA DESTURI YA WAISLAMU

Wako wasemao kwamba kuchunguza hospitali ni kuleta fitina, na kwamba anayetibiwa yapasa ashukuru anyamaze. Kauli hiyo haina msingi katika desturi ya Waislamu. Katika miji ya kale ya Kiislamu palikuwa na mtu aliyeitwa muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia hisba. Alikagua mizani za sokoni, mikate, nyama na maji. Na vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya kazi yake, kama kile cha al-Shayzari wa karne ya 12, vina milango juu ya matabibu, wauza dawa, waganga wa macho, waunga mifupa na wapiga chuku. Haikuonekana kwamba heshima ya tabibu inapungua kwa kukaguliwa. Ilionekana kwamba mtu aliyekabidhiwa miili ya watu ndiye mwenye haja zaidi ya kukaguliwa kuliko mwenye kupima nyama.

Kadhalika suala la mgonjwa asiye na fedha lilipata jibu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa katika mji wa Cairo, akaiwekea wakfu wa mali zenye mapato, ili atibiwe humo tajiri na fukara bila kutozwa. Wakfu ule una funzo kwa watunga sheria wa leo: kwanza yalitafutwa mapato ya kudumu, kisha ndipo mlango ukafunguliwa bure. Bujumbura mwaka 2006 mlango ulifunguliwa kwanza, na mapato yakatafutwa baadaye.

YALIYOBAKI

Habari hii haimaliziki kwa furaha tupu. Mwezi Agosti 2015, katika msukosuko wa siasa wa mwaka ule, Pierre Claver Mbonimpa alipigwa risasi mjini Bujumbura, naye akapona kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Chama cha APRODH kilisimamishwa mwaka huo, na mwezi Oktoba 2016 serikali ilikifuta pamoja na vyama vingine. Hivyo waliokuwa wa kwanza kuhesabu waliofungiwa hospitalini walinyimwa ruhusa ya kuhesabu. Kwa upande mwingine, matibabu ya bure ya uzazi na ya watoto wadogo hayakufutwa katika msukosuko ule, na hilo nalo lastahili kutajwa kwa haki.

Yaliyopita yanaonyesha kwamba hakuna utaratibu wa matibabu uliokuwa mbaya wote au mzuri wote. Sindano ya malale iliponya na kupofusha. Malipo ya 2002 yalikusudiwa kuziendesha hospitali, yakazigeuza kuwa vifungo. Tangazo la 2006 liliwafungulia akina mama, likawaacha wengine ndani. Malipo ya kazi yaliwatia wauguzi bidii, yakaleta na kishawishi cha kuongeza majina. Katika kila zamu, upungufu ulijulikana kwanza kwa yule aliyelala kitandani, na ulijulikana mwisho kwa yule aliyetia saini amri. Umbali baina ya hao wawili ndio unaoua watu.

Basi jumuiya za mitaa, za dini na zisizo za dini, zina kazi ya kuupunguza umbali huo. Serikali inapobadili bei, saa za kazi, au orodha ya wanaosamehewa malipo, wajumbe wa mtaa na waende wakaulize kabla ya mgonjwa wa kwanza kurudishwa mlangoni. Waulize ni nani aliyeachwa nje, fedha itatoka wapi, na mwenye malalamiko ampelekee nani. Waandike walichokiona bila kuzidisha wala kupunguza, wamsifu mwuguzi mwema kwa jina la kazi yake, na wamseme mwenye kukosa kwa ushahidi, si kwa uvumi. Ushahidi wa kweli ni amana; aliyeona akanyamaza ameificha, na aliyesema asichokiona ameiharibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa mji huu, awape wasaa wenye madeni, na awape watu wake ujasiri wa kuuliza na moyo wa kusikia jawabu. Wabillahi taufiki.